Mkutano wa Mikoko Pasipo na Mkoko

Nina desturi ya kusoma mialiko ya mikutano kutoka chini kwenda juu. Kwanza hutazama nembo za wadhamini, kisha mahali, na mwisho kabisa mada. Mada hukwambia mkutano unajiitaje. Nembo na mahali hukwambia mkutano ni wa nani.

Mwezi uliopita nilipata mwaliko wa namna hiyo, wenye nembo sita, wa mkutano wa kitaalamu wa kimataifa kuhusu mikoko ya delta ya Rufiji, hewa ukaa na kile kinachoitwa siku hizi uchumi wa buluu. Mahali: hoteli ya ufukweni, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam. Delta iko kusini. Mtu wa Salale au wa Mbuchi, ili afike kwenye ukumbi ambamo msitu ulio nyuma ya nyumba yake utajadiliwa, atalazimika kungoja maji yajae ili boti ipite, avuke hadi Nyamisati, apande chochote kitakachompeleka barabara kuu ya Kilwa, apande basi hadi Mbagala, kisha alivuke jiji zima, foleni baada ya foleni, mpaka afike upande wa pili ambako hakuna anayemjua isipokuwa mlinzi wa getini, naye atamuuliza ametumwa na nani.

Kabla sijaendelea, ndugu msomaji, nikiri kwamba mimi si msafi katika jambo hili. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nimekunywa chai ya saa nne ya mikutano hii. Nimesaini karatasi za mahudhurio asubuhi na alasiri. Nimepokea posho katika bahasha na nimeihesabu msalani. Nimewasilisha mada kuhusu watu wa delta mbele ya hadhira isiyokuwa na mtu hata mmoja wa delta, na nimepigiwa makofi. Kwa hiyo wanaotaka kuniambia kwamba ninaukata mti nilioukalia, nawaambia ndiyo, nimeukalia, na ndiyo maana najua ulivyooza.

Miaka michache iliyopita, katika mkutano mmoja wa aina hii ambao sitautaja, waandaaji waliamua kumwalika mwakilishi wa jamii. Alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, mvuvi na mkulima wa mpunga kutoka upande wa kaskazini wa delta. Alifika siku ya pili, wakati wa mapumziko, akiwa na mfuko wa plastiki wenye kanzu ya kubadili. Alipewa beji iliyoandikwa jina lake kwa makosa, na vifaa vya kusikilizia tafsiri. Tafsiri ilikuwapo ya Kiingereza na ya Kifaransa. Ya Kiswahili haikuwapo. Nilimkuta amekaa peke yake ukumbini, vifaa masikioni, anasikiliza Kifaransa kwa adabu kubwa.

Nikamwamkia. "Marahaba, mwalimu," akaniitikia, akavua vile vifaa. "Hebu niambie, mwanangu. Hawa wanazungumza mikoko yetu au ya kwao?"

Nilimwambia ya kwetu. Akanyamaza kidogo, akasema basi angalau wangemuuliza mchu na msinzi upi unaota wapi, maana kwenye ile picha ukutani wameiweka miti ambayo kule kwao haioti kwenye maji ya namna ile.

Yaliyofuata jioni ndiyo yaliyonifanya niandike leo. Mzee alikwenda kwa mhasibu wa mkutano kudai nauli yake. Basi alikuwa na tiketi. Boti hakuwa na kitu. Mhasibu, binti mstaarabu aliyekuwa akifuata taratibu za mfadhili, alimwomba risiti ya mashine. Risiti ya mashine, kutoka kwa mwenye boti, ndani ya delta ya Rufiji! Mzee alidhani anataniwa. Mimi na mwenzangu mmoja tulitoa mifukoni mwetu tukamlipa, tukajiona wema. Laiti tungekuwa na akili wakati ule tungegoma kuwasilisha mada zetu mpaka mkutano ulipe. Siku hiyo hiyo mtaalamu kutoka ng'ambo alilipwa gharama za safari ya ndege ya daraja la mbele bila kuulizwa kwa nini hakupanda la nyuma.

Sasa tuwazungumze wadhamini. Lugha yetu ina maneno mawili ambayo waandaaji huyachanganya. Mfadhili ni mtoa fadhila. Mdhamini ni yule anayeweka dhamana, anayesimama mahakamani na kusema, mwachieni huyu, nitawajibika mimi. Kwenye mikutano yetu nembo huitwa za wadhamini, na mara nyingi ndilo neno sahihi, ila kwa maana ambayo waandaaji hawakuikusudia. Kuna anayedhaminiwa. Katika mkutano ule wa mzee wangu, nembo kubwa kuliko zote ilikuwa ya kampuni yenye nia ya kununua hewa ukaa ya mikoko. Kikao cha namna ya kugawana mapato kati ya serikali, kampuni na vijiji kilipangwa cha mwisho, alasiri ya siku ya mwisho, wakati nusu ya wajumbe wako uwanja wa ndege. Mimi niliombwa, kwa upole mwingi, nibadili kichwa cha mada yangu. Neno "haki" likaondoka, likaingia neno "fursa". Nilikubali. Hakuna aliyenitisha, wala hakuna aliyenihonga zaidi ya posho ya kawaida. Ndivyo udhamini ufanyavyo kazi yake: hauhitaji kusema neno, kwa sababu sisi wenyewe twaijua tayari sura ya mwenye chakula.

Wapo watakaosema hilo ni jambo la siku hizi, la makampuni na tamaa. Si kweli. Mwezi Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, Kampala, katika mkutano ambao hadi leo twausoma kama asubuhi ya fasihi ya bara hili. Chinua Achebe alikuwapo, Wole Soyinka alikuwapo, na Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwapo akiwa mwanafunzi tu. Mwalikwa alitakiwa awe mwandishi wa Kiingereza. Jina lenyewe la mkutano lilisema hivyo. Shaaban Robert, aliyekuwa na rafu nzima ya vitabu vya Kiswahili, hakuwa na nafasi katika mkutano wa waandishi wa Kiafrika uliofanyika Afrika Mashariki. Mwezi huo huo alifariki dunia. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulitaja jambo hilo kwa uchungu miaka mingi baadaye. Na fedha? Zilipitia shirika la Congress for Cultural Freedom, na kabla muongo ule haujaisha ilifichuka kwamba nyuma ya shirika hilo alikuwako mkono wa ujasusi wa Marekani, CIA. Sidai kwamba Achebe aliandikiwa cha kusema. Hakuandikiwa. Ninachodai ni kwamba mtoa fedha hakuhitaji kumwandikia. Alikuwa amekwisha kuchagua lugha ya mlango.

Wala tusijidanganye kwamba fedha ikiwa yetu wenyewe mambo hunyooka. Juni 1974 Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulifanyika hapa kwetu, Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwenyeji alikuwa serikali ya Tanzania, na hakuna shaka juu ya imani ya Mwalimu Nyerere katika ukombozi. Lakini serikali za Karibiani hazikutaka wapinzani wao wakae kwenye viti vile, na vyama vya upinzani vya huko vikaachwa nje. C.L.R. James, mzee aliyehangaika kuuandaa mkutano huo, alikataa kuja. Ukumbi uliopewa jina la Nkrumah ukawa ukumbi wa serikali zilizotambuana. Nawataja hawa wawili, Makerere na Nkrumah, kwa sababu wanafunzi wangu hupenda kudhani kwamba tatizo ni rangi ya mfadhili.

Nirudi kwenye siku zetu, kwenye jambo linalotuuma sisi wasomi wenyewe. Mwaka 2022 mkutano wa kimataifa wa UKIMWI ulifanyika Montreal, Kanada, na wajumbe wengi wa Kiafrika, wengine wakiwa na mada za kuwasilisha, walinyimwa viza au hawakujibiwa kabisa. Mji huo huo, mwaka 2018, watafiti wa akili mnemba kutoka bara letu walipatwa na hayo hayo. Tulipiga kelele, na tulikuwa na haki. Tuliuliza: mnawezaje kuujadili ugonjwa bila wanaoubeba mzigo wake? Kelele zilizaa kitu. Mkutano mkubwa wa taaluma hiyo ya akili mnemba, ICLR, uliokuwa ufanyike Addis Ababa mwaka 2020 ukazuiwa na korona, ulifanyika Kigali mwaka 2023. Wenzangu walirudi kutoka Kigali vifua mbele.

Basi naomba niulize, na naomba walio katika wizara na taasisi za utafiti wanijibu: Dar es Salaam si Montreal ya Kibiti? Mvuvi wa Kiomboni hahitaji viza kuingia jijini. Anahitaji barua ya mwaliko iliyoandikwa kwa lugha anayoisoma, nauli mkononi kabla ya safari na si marejesho baada yake, mahali pa kulala ambapo hataulizwa kadi ya benki, na mkalimani. Tukizijumlisha hizo, ni viza kamili, na anayeitoa ni sisi. Tunachokataa kufanyiwa na ubalozi tunakifanya kwa barua pepe.

Hoja hii si ya adabu tu, ya kumkumbuka mwananchi kama tunavyomkumbuka kwenye hotuba. Yapo maamuzi. Mto Rufiji umejadiliwa karibu kila mahali duniani isipokuwa Rufiji. Pori la Selous liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982, na mwaka 2014 likawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ilipoanza kujengwa bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, suala likawa kama Selous ifutwe kabisa. Kikao cha mwaka 2021 kilichokuwa na pendekezo hilo mezani kiliongozwa kutoka Fuzhou, China, wajumbe wakizungumza kwa mtandao. Liverpool ya Uingereza ilifutwa, Selous haikufutwa. Kikao kilichofuata kilipangiwa Kazan, Urusi. Vita vya Ukraine vikakiahirisha, kikaja kufanyika Riyadh mwaka 2023. Hebu fikiri: vita vilivyoko Ulaya vinaweza kuhamisha ukumbi, lakini mafuriko yaliyoko Muhoro hayawezi. Mataifa yalisusia Kazan kwa sababu mwenyeji hakuwafaa. Ni nadra kusikia ukumbi ukisusiwa kwa sababu wahusika hawawezi kuufikia.

Na mafuriko yalikuja. Aprili 2024, miezi miwili baada ya mtambo wa kwanza kuanza kuzalisha umeme, Rufiji na Kibiti zilizama. Nyumba, mashamba, mihogo, mpunga. Serikali ilisema ni mvua. Wananchi wengi walilitaja bwawa. Mimi si mhandisi wa maji na sitatoa hukumu hapa. Lakini nakumbuka kwamba wapinzani wa bwawa walikuwa wamekutana kwenye miji ya mbali, watetezi wake walijibu kutoka Dodoma, na pande zote mbili zilimnukuu mkulima wa bondeni kana kwamba amekwisha kufa na kuacha wosia. Mkulima huyo anajua mafuriko ni nini. Kilimo cha mlau, cha kupanda katika unyevu ambao maji yameuacha yakirudi mtoni, kinategemea mafuriko. Anakijua kima chake, majira yake na tofauti kati ya maji ya mvua yanayopanda polepole na maji mengine. Hiyo ni taarifa ya kitaalamu. Mkutano wa kitaalamu usioipokea si wa kitaalamu, hata kama kila aliyeketi humo ana shahada tatu kama mimi.

Hata mabishano ya kisomi juu ya delta yamekuwa na ukumbi wake wa mbali. Mwaka 2012 jarida la Global Environmental Change lilichapisha makala ya Beymer-Farris na Bassett, waliosema kwamba mpango wa kuhifadhi mikoko kwa ajili ya biashara ya kaboni ulikuwa unawageuza wakulima wa mpunga wa delta kuwa wavamizi. Mwaka uliofuata wanasayansi wengine, pamoja na watu wa uhifadhi, waliwajibu vikali katika jarida hilo hilo. Nimefundisha makala zote mbili. Zote ni za Kiingereza, na zilitoka katika jarida la kulipia. Warufiji waliobishaniwa, ambao wanaishi ndani ya hifadhi ya msitu wa serikali iliyowekwa tangu enzi za Wajerumani, na ambao ndio wangefukuzwa kama upande mmoja ungeshinda, hawakuwa na namna ya kujua kwamba kuna kesi.

Kesi yao wenyewe waliwahi kuifungua, na hapo pana fundisho. Mwishoni mwa miaka ya 1990, serikali iliidhinisha mradi wa African Fishing Company wa kufuga kamba katika maelfu ya hekta za delta, ingawa Baraza la Taifa la Mazingira lilikuwa limeshauri vinginevyo. Wataalamu walikuwa wamekutana, wataalamu walikuwa wamesema hapana, na Baraza la Mawaziri mwaka 1997 likasema ndiyo. Wananchi wa delta, kwa msaada wa wanasheria wa LEAT, wakaenda mahakamani. Mradi ukafa. Mwenye kusema kwamba watu hawa hawawezi kufuatilia mjadala wa kitaalamu, aanze kwa kueleza hilo.

Najua jibu la waandaaji, kwa sababu nimelisikia kwa masikio yangu nilipopendekeza Kibiti katika kikao kimoja cha maandalizi. Mratibu aliinamisha kichwa, akasema neno moja: usalama.

Basi tuliseme hilo nalo. Ndiyo, mwaka 2017 Kibiti ilimwaga damu. Waliuawa viongozi wa vijiji na vitongoji, na Aprili mwaka huo waliuawa askari polisi wanane katika shambulio moja. Watu wengine walipotea, na familia zao hadi leo hazina kaburi la kusomea dua. Tarehe 21 Novemba 2017 alipotea Azory Gwanda, mwandishi aliyeripoti mauaji hayo katika gazeti la Mwananchi. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufa, kisha akasema hakueleweka. Majuma matatu kabla Azory hajatoweka, wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi walikuwa na kongamano lao la kumi Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 140 hivi kutoka Kibiti. Siwalaumu, kongamano lilipangwa zamani, na kazi yao ni bahari. Lakini tukubaliane kwamba sayansi ya delta ilikuwa inaendelea kana kwamba delta ni maji matupu.

Usalama, kwa hiyo, ni wa nani? Mjumbe wa kimataifa akilala Kibiti siku tatu tunahesabu hatari. Wanaolala huko miaka yote hatuwahesabu. Isitoshe, mahali ambapo mwandishi anaweza kupotea ndipo mahali panapohitaji macho zaidi, si machache. Hapa lakini nisijirahisishie. Mkutano mkubwa unaweza pia kuwa pazia. Novemba 2022 dunia ilikusanyika Sharm el-Sheikh kwa ajili ya tabianchi, Coca-Cola ikiwa miongoni mwa wadhamini, huku mwandishi Alaa Abd el-Fattah akigoma kula na kunywa gerezani katika nchi hiyo hiyo. Mwaka uliofuata, Dubai, rais wa mkutano wa tabianchi alikuwa ndiye mkuu wa kampuni ya mafuta ya Abu Dhabi. Mwenyeji huvaa mkutano kama joho. Ndiyo maana sisemi kwamba tuupeleke mkutano Kibiti ili wilaya ipigwe picha na ukumbi upakwe rangi. Ukiambatana na msafara wa viongozi na ving'ora, heri ubaki hotelini.

Jibu la pili la waandaaji ni hoteli. Kibiti hakuna ukumbi, hakuna vyumba, umeme unakatika, mtandao dhaifu. Kwa watu 600 ni kweli. Swali ni kwa nini mkutano wa mikoko uwe na watu 600. Mikutano ya kitaalamu hunenepa kwa sababu kila nembo inataka viti vyake, na kila kiti kina posho yake. Novemba 2015, serikali ilipopiga marufuku semina na mikutano yake kufanyika mahotelini na kuagiza kumbi za umma zitumike, tulilalamika wengi, nami nilikuwamo. Kwa kuwa agizo lilikuja kwa amri na si kwa hoja, lilipopoa tulirudi ufukweni kimyakimya. Lakini kwa miezi kadhaa taifa liligundua kwamba watu arobaini wanaweza kufikiri chini ya feni.

Na limekwisha kufanyika huko huko. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2003, mradi wa usimamizi wa mazingira wa Rufiji, wa halmashauri ya wilaya na IUCN kwa fedha za Uholanzi, ulifanya kazi Utete, ukaenda hadi Jaja na Twasalie ndani ya delta kuandaa mipango ya mazingira na wanakijiji wenyewe. Wakati ule Daraja la Mkapa ndio kwanza lilikuwa linajengwa, na mto ulivukwa kwa pantoni. Wataalamu walikaa. Ripoti zao ni miongoni mwa bora nilizowahi kuzitumia, na sidhani ni sadfa. Huko Kenya, katika ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umeuza hewa ukaa tangu mwaka 2013, vijiji vikiwa wenye mali, fedha zikiingia kwenye maji na shule. Mgeni anayetaka kuujadili hupelekwa Gazi. Anatembea juu ya daraja la mbao walilojenga akina mama, akiwauliza wenyewe wamelipwa kiasi gani. Maswali yenye maana huulizwa mahali ambapo anayeulizwa anaweza kukukatalia mbele ya majirani zake.

Mwaka 2023 kampuni moja ya Dubai ilitia saini hati za makubaliano juu ya misitu na serikali kadhaa za Afrika, ikiwamo yetu. Kanuni za biashara ya kaboni tunazo tangu 2022, na kituo cha kitaifa cha kufuatilia kaboni kiko Sokoine, Morogoro. Mambo yanakwenda kasi. Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Kuna watu watakaotia saini juu ya msitu huo, na kabla ya saini kutakuwa na mkutano, na kabla ya mkutano kutakuwa na barua ya kuchagua ukumbi. Mtumishi wa umma unayesoma haya, barua hiyo huenda ikapita mezani kwako. Watu hudhani ni kazi ya karani, lakini ukiisaini bila kuitazama umekwisha kuamua nani atakuwa ndani ya chumba.

Mkataba wa kulinda bahari yetu ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi unaitwa Mkataba wa Nairobi, kwa sababu ulisainiwa Nairobi mwaka 1985, na Nairobi haina hata kidimbwi cha maji ya chumvi. Mkataba wa ardhioevu, ambao chini yake eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa lilitambuliwa mwaka 2004, unaitwa Ramsar, jina la mji wa Iran ulikofanyika mkutano wa mwaka 1971. Ukumbi hugeuka jina, na jina hugeuka sheria. Nacheka nikikumbuka kwamba mkusanyiko mkubwa wa kimataifa uliowahi kufanyika ndani ya delta yenyewe ulikuwa Julai 1915, Waingereza walipoiangamiza manowari ya Kijerumani Königsberg. Tangu hapo wageni wamependelea hoteli.

Mwaliko wa mwezi uliopita nimeujibu hivi. Nitakuja kama kikao cha kugawana mapato kitakuwa cha kwanza na kitafanyika Kibiti au Nyamisati, kwa Kiswahili, tafsiri ikiwaendea wageni; kama kiasi alichotoa kila mdhamini kitaandikwa kwenye ratiba kando ya nembo yake; kama hakuna mnunuzi wa kaboni atakayelipia kikao kinachopanga bei ya kaboni; na kama mwenye boti atalipwa kwa karatasi iliyosainiwa na mwenyekiti wa kijiji. La sivyo, mada yangu ibaki kwangu na posho ibaki kwao. Nakala nimeipeleka kwa mkuu wa idara yangu, aliyeniuliza kama nimefikiria vizuri suala la kupandishwa cheo.

Waandaaji hawajajibu. Ila Jumatatu asubuhi niligundua kwamba nimeondolewa kwenye kundi la WhatsApp la watoa mada, na jioni yake mzee wangu wa delta alinipigia simu kuniuliza kama ni kweli kuna mkutano mwingine, maana yeye safari hii hajaalikwa.